Mdogo wangu anajizoesha kiu ili awe komando. Je, mwili huzoea?

*“Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 26, ni askari wa jeshi la Uingereza, huu mwaka wake wa nne. Yuko nyumbani Voi kwa likizo. Anasema akirudi ataomba kuingia kwenye mchujo wa SAS, kikosi maalumu cha makomando wa jeshi hilo. Kila siku saa sita mchana anapanda mlima Sagalla na shanta lililojaa mchanga, amevaa koti la mvua ili atoke jasho, na hanywi maji mpaka ateremke, eti anauzoesha mwili kiu. Magoti yakimuuma anameza diklofenaki. Juzi aliniambia huku anacheka kwamba mkojo wake umekuwa kama Coca-Cola na mapaja yamevimba, akasema hiyo ni dalili kwamba mwili unajengeka. Nikimwambia apunguze ananijibu kuwa Wafiji wamepita, kwa nini Mtaita asipite, na kwamba hao watu wachache ndio walioshinda vita vya msituni dunia nzima. Mama halali usiku. Je, mwili unaweza kuzoea kiu? Hao makomando wameumbwa tofauti? Na mimi dada yake nimkataze?”*

Marahaba, dada. Maswali yako nitayajibu yote, ila hilo la mkojo halisubiri. Ukimaliza kusoma aya hii weka simu chini, umwambie mdogo wako aende hospitali leo hii. Asiende duka la dawa. Aende hospitali yenye maabara ya damu, na akifika aeleze hivi: nimebeba mzigo mzito juani siku kadhaa mfululizo, mapaja yamevimba, mkojo umekuwa mweusi, na nimekuwa nikimeza diklofenaki. Apimwe kreatini kinasi (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli uliopasuka), utendaji wa figo, na potasiamu. Hata kama mkojo wa leo asubuhi umerudi rangi yake, bado aende.

Nakueleza sababu ili naye umweleze, maana askari haendi hospitali kwa kuambiwa “nenda” tu. Misuli ikifanyishwa kazi kupita uwezo wake, nyuzi zake hupasuka. Kuteremka mlima na mzigo ndiko kubaya zaidi kuliko kupanda, kwa sababu paja linavutwa na uzito huku lenyewe linajikaza kuuzuia. Zikipasuka nyuzi chache, mtu huamka kesho yake akitembea kama mzee, na siku mbili tatu yamekwisha. Zikipasuka nyingi kwa mpigo, vilivyokuwa ndani ya msuli humwagika kwenye damu. Kimojawapo ni mayoglobini, protini yenye wekundu wa damu ya mzee ambayo huuwekea msuli akiba ya oksijeni. Figo hujaribu kuitoa, na ndiyo inayoupa mkojo ile rangi ya soda nyeusi. Kama damu ina maji ya kutosha, figo huisukuma nje. Kama mtu amekauka, inagandamana kwenye vijirija vya figo na kuviziba, na figo zinaweza kusimama kazi ndani ya siku chache. Pamoja nayo hutoka potasiamu, na potasiamu ikipanda mno, moyo unaweza kusimama bila mtu kupata onyo lolote.

Sasa ongeza diklofenaki. Dawa za ukoo huo, ibuprofeni ikiwemo, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kemikali hizo hizo ndizo ambazo figo zilizokauka huzitegemea ili mishipa yao ibaki wazi. Kwa hiyo kijana wetu amezichosha figo kwa mizigo mitatu: uchafu wa msuli uliopasuka, ukosefu wa maji, na dawa inayozinyima damu. Mwili haujengeki hapo. Lakini akiwahi, mara nyingi ni dripu, mapumziko na vipimo vya kurudia, na anatoka mzima. Nimewaona wengi wakitoka wazima, na nimewaona wachache waliokuja siku ya tano. Hao wa siku ya tano ndio wanaonifanya nikwambie uweke simu chini.

Natumaini sasa unasoma ukiwa kwenye benchi la hospitali unamsubiri. Tuendelee.

Je, mwili huzoea kiu? Hapana. Mdogo wako hakulizua jambo hili, makamanda wengi wa zamani waliliamini, na wako waliowanyima askari maji kwa makusudi ili “wakomae”. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa linajiandaa kupigana jangwani, na mwanafiziolojia Adolph na wenzake wakaenda kuwachunguza askari katika jangwa la California. Walichokikuta hakijapinduliwa hadi leo: aliyenyimwa maji kila siku hakuhitaji maji machache zaidi kuliko mwenzake. Alichoka mapema tu, na joto la mwili wake lilipanda upesi.

Pengine kinachomchanganya ni kwamba kuna kitu kingine ambacho mwili huzoea kweli, nacho ni joto. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku, kwa muda wa siku 10 hadi 14 mwili hubadilika: jasho huanza kutoka mapema, hutoka jingi zaidi, chumvi ndani yake hupungua, na damu huongezeka maji. Angalia hapo vizuri. Aliyezoea joto anatoka jasho *zaidi*, kwa hiyo anahitaji maji *zaidi*. Na mabadiliko yenyewe yanahitaji maji ili yatokee. Anayejinyima maji anauzuia mwili kufanya kile kile anachoutaka ufanye.

Koti la mvua ni kosa la namna nyingine. Katika nguvu zote ambazo msuli unatumia, karibu robo tu, pengine hata chini ya hapo, ndiyo huwa mwendo. Inayobaki yote ni joto. Joto hilo hubebwa na damu hadi kwenye ngozi, na jasho *linapokauka* ndipo linapoondoka nalo. Jasho linalotiririka ndani ya koti halipozi kitu, ni maji yaliyopotea bure. Wakati huo damu inaitwa na ngozi ije kupoza, inaitwa na mapaja yaje kupanda mlima, na yenyewe inapungua kwa sababu mtu hanywi. Mwisho mwili hukata upande mmoja. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kupayuka, kuyumba, kugombana bila sababu au kuvua nguo, huo ni kiharusi cha joto. Hapo hakuna “jikaze”. Mvue nguo, mmwagie maji mengi iwezekanavyo, mtie kwenye beseni au karai la maji ya barafu kama lipo, mpepee, na umpoze kwanza ndipo umsafirishe. Dakika 30 za mwanzo ndizo zinazoamua.

Na asije akaruka upande wa pili akaanza kunywa madumu. Maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na ubongo huvimba. Jeshi la Marekani lilipoteza askari kwa njia hiyo pia, mpaka mwaka 1998 likabadilisha maagizo yake na kuweka kikomo cha takriban lita moja na nusu kwa saa, hata kwenye joto kali. Anywe akiona kiu, anywe kidogo kidogo, na ale chakula chenye chumvi.

Kama anadhani haya ni maneno ya daktari mwoga, mwambie asome habari za tarehe 13 Julai 2013. Siku hiyo ilikuwa mojawapo ya siku za joto kali mwaka ule huko Wales. Askari wa akiba waliokuwa kwenye mchujo wa SAS walipewa mwendo wa kilomita 26 katika milima ya Brecon Beacons, kila mmoja na shanta lake, wakiwa na vifaa vya kufuatilia mahali walipo. Watatu walikufa kwa joto, wawili siku ile ile na mmoja hospitalini baadaye. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2015 ulisema uzembe wa waliosimamia ulichangia vifo hivyo. Walikuwa vijana wenye mazoezi ya kutosha. Joto halikuwauliza walikuwa wakakamavu kiasi gani, na kwa mtu aliyefundishwa asiache, ukakamavu ndio unaomfikisha pabaya: anavipita vituo vyote ambavyo mtu wa kawaida angekaa chini.

Swali lako la pili, kama makomando wameumbwa tofauti, linanipeleka mbali kidogo. Lakini nadhani ndilo kiini cha jambo, maana mdogo wako anajiandaa kwa mtihani ambao sivyo anavyoudhani.

Mchujo huu una historia yake, na ulizaliwa kutokana na vita vya msituni. SAS ilianzishwa Misri mwaka 1941 na David Stirling, ikavunjwa vita vilipokwisha 1945. Mwaka 1948 wakomunisti wa Malaya waliingia msituni kupigana na serikali ya kikoloni ya Uingereza. (Hata askari wa King's African Rifles kutoka Kenya walipelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukikuta familia yenye babu aliyepigana “Malaya”, ndivyo vita hivyo.) Afisa Mike Calvert akaifufua SAS kwa kuunda kikosi cha kukaa ndani kabisa ya msitu kuwafuata waasi, ila alikiunda haraka haraka, kwa watu waliojitolea na wengine ambao makamanda wao walifurahi kuwaondoa. Walikuwepo hodari na walikuwepo walevi. Mtu aliyekuwa shujaa kambini aligeuka mzigo msituni, kwa sababu alifyatua risasi hovyo, akapiga kelele, akawatisha wanavijiji ambao habari zao zilihitajiwa. Mwaka 1952 afisa mmoja, John Woodhouse, alirudi Uingereza kuanzisha mchujo wa kweli. Hakuwa anatafuta wenye misuli. Alitafuta mtu anayeweza kukaa wiki nyingi porini na wenzake watatu, amelowa, ana njaa, hakuna wa kumwamuru, na bado akafanya uamuzi wenye akili.

Ndiyo maana mchujo wa milimani wa SAS uko kimya. Watu wameona sinema wakadhani kuna mkufunzi anayewatukana masikioni. Kwenye milima ya Wales hakuna hata wa kumwambia “vizuri”. Mtu anapewa nukta kwenye ramani, anaambiwa aende. Akifika anapewa nukta nyingine. Hajui zimebaki ngapi. Hajui muda anaotakiwa kuutimiza. Barabara haziruhusiwi, anapita kwenye majani, matope na vijito akiwa peke yake na dira. Mwendo wa mwisho ni kama kilomita 64, na shanta la kilo 25 hivi bila kuhesabu bunduki na maji, chini ya saa 20. Baada ya hapo ndipo huja msitu, na baada ya msitu kukimbizwa na kuhojiwa. Wengi wanaoondoka hawafukuzwi. Hukaa kwenye jiwe fulani ukungu ukiwa umeshuka, hawana uhakika wako wapi, wakaanza kujadiliana na nafsi zao, na wakashindwa hoja.

Kuna kipimo kimoja cha zamani ninachokipenda kwa sababu kinaonyesha jambo hili waziwazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, idara ya ujasusi ya Marekani, OSS, iliwapeleka watu waliotaka kufanya kazi nyuma ya safu za adui kwenye nyumba moja Virginia iliyoitwa Station S, ambako mwanasaikolojia Henry Murray na wenzake waliwapima. Mtu alipewa vijiti na vigingi, na dakika 10 za kuunda fremu kubwa ya mbao akisaidiwa na vibarua wawili. Yeye asishike kitu, aelekeze tu. Hakujua kwamba vibarua hao walikuwa wapimaji. Mmoja alizembea akasimama mikono mfukoni. Mwingine alikuwa mjuaji, akapinga kila kitu, akamkejeli mgeni. Hakuna aliyeimaliza fremu ile. Haikuwekwa imalizwe. Waliandika nani alipandwa na hasira, nani alisusa, na nani aliendelea kuzungumza na wajinga wale wawili kwa utulivu mpaka filimbi ikalia.

Kwa hiyo hapana, hawakuumbwa tofauti. Yapo mambo ya mwili yanayosaidia: moyo wenye nguvu, miguu isiyovunjika, kurudi haraka kwenye utulivu baada ya mshtuko. Mengine ni ya kuzaliwa nayo, mengi ni ya miaka ya mazoezi ya polepole. Lakini mtu wa wastani wa maumbile mwenye kichwa kilichotulia hupita, na bondia huanguka.

Wafiji anaowasema wamepita kweli, na heshima yao haina ubishi. Sajenti Talaiasi Labalaba ndiye anayetajwa kuliko wote. Tarehe 19 Julai 1972, katika mji mdogo wa Mirbat jimbo la Dhofar, Oman, wapiganaji zaidi ya 200 walivamia alfajiri chini ya mawingu ya msimu wa mvua. Upande wa SAS walikuwepo watu tisa. Labalaba aliifikia bunduki kubwa ya mzinga ambayo kwa kawaida huendeshwa na kundi la watu, akaijaza na kuifyatua mwenyewe, akapigwa risasi ya taya, akaendelea. Mfiji mwenzake, Sekonaia Takavesi, alikimbia kwenye uwanja wazi kwenda kumsaidia na naye akapigwa. Labalaba alikufa hapo. Ndege zilipofika chini ya mawingu, mambo yakageuka.

Haya mdogo wako anayajua. Nina wasiwasi kama anajua yaliyofuata na yaliyotangulia. Vita vya Dhofar vilianza miaka ya 1960 kwa sababu jimbo lile lilikuwa limeachwa karibu bila shule wala hospitali chini ya Sultani Said bin Taimur. Havikugeuka kwa sababu ya asubuhi moja ya Mirbat. Viligeuka pale Qaboos alipompindua baba yake Julai 1970, akatangaza msamaha kwa waasi, akaanza kuchimba visima na kufungua zahanati. Waliojisalimisha walipangwa katika vikosi vyao wenyewe, firqat, wakalinda milima yao wenyewe. Walikuja pia askari wa Iran kwa maelfu. Na hao SAS wenyewe, sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kufundisha, kutibu watoto macho, na kuangalia ng'ombe na mbuzi wa watu wa milimani, kwa sababu mfugaji aliyetibiwa ng'ombe wake husema ukweli kuhusu nani alipita usiku. (Wasomaji wetu wa Muscat ambao wazee wao walitoka Unguja na Pemba wakaitikia wito wa Qaboos wa kurudi, wanaijua Oman ile ya baada ya 1970 kuliko mimi.)

Malaya kadhalika. Waasi walishindwa zaidi kwa polisi, kwa ahadi ya uhuru, na kwa jambo zito ambalo halisimuliwi kwa majivuno: watu wapatao nusu milioni walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vyenye seng'enge ili wasiwalishe wapiganaji. Sisi Kenya tunakijua kitabu hicho, maana kilifunguliwa tena Kati na Embu na Meru miaka ya 1950, watu zaidi ya milioni moja wakafungiwa vijijini. Na kama anataka mfano wa makomando wenye mchujo wa kutisha ambao hawakushinda vita, atazame kusini mwa Afrika. Selous Scouts wa Rhodesia, walioanzishwa 1973, walichujwa kwa njaa kando ya Ziwa Kariba mpaka wakawa miongoni mwa wafuatiliaji nyayo hodari kabisa waliowahi kuwepo. Mwaka 1980 nchi ikawa Zimbabwe, na kikosi kikavunjwa.

Simwambii haya ili kumvunja moyo. Namwambia kwa sababu kazi anayoitamani ni ya subira, lugha, ramani, huduma ya kwanza na kuzungumza na mzee wa kijiji. Mtu anayejiandaa kwa kazi hiyo kwa kumeza diklofenaki na kuficha mkojo mweusi anajizoesha tabia ambayo mchujo unaitafuta ili uitoe: kutosema ukweli kuhusu hali yake.

Kuna jambo jingine kuhusu Mirbat. Aliyeongoza wale tisa alikuwa Kapteni Mike Kealy, kijana wa miaka ishirini na kitu, na alitunukiwa nishani ya DSO kwa ajili ya siku ile. Februari 1979, akiwa sasa Meja, alitoka na waliokuwa kwenye mchujo kufanya ule mwendo mrefu wa Brecon Beacons ili ajipime tena. Hali ya hewa ilichafuka. Baridi ilimmaliza akafa mlimani. Hakuna wa kumwambia mtu huyo kuhusu ujasiri, na mwili wake ulifuata kanuni zile zile za joto na baridi zinazomhusu muuza maji wa Voi.

Na baridi ndiyo ninayotaka kijana wetu aiogope kuliko jua, kwa sababu jua analijua. Kuna jeraha ambalo majeshi huliita la baridi isiyogandisha: miguu ikikaa saa nyingi kwenye buti lililolowa, hata hali ya hewa ikiwa nyuzi 5 au 10 tu juu ya sifuri, mishipa midogo na neva huharibika. Mwanzo ni ganzi, kisha maumivu ya kuungua ambayo yanaweza kubaki miaka. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu wanajeshi wa Uingereza uliona kwamba wenye asili ya Afrika walipata majeraha ya baridi takriban mara 30 zaidi ya wenzao weupe. Udhaifu wa roho hauhusiki. Mishipa ya vidole vyao hujifunga kwa nguvu zaidi baridi ikija na huchelewa kufunguka. Wapo askari wetu wa Jumuiya ya Madola waliopoteza kazi kwa sababu ya miguu. Kwa hiyo soksi kavu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, kubadilisha kila anapopumzika, glavu kabla vidole havijafa ganzi, na kuripoti ganzi isiyoisha siku ile ile.

Akiwa hospitalini aombe pia kipimo cha vinasaba vya selimundu, ikiwa hajawahi kupima au hakumbuki majibu. Mwenye kinasaba kimoja tu si mgonjwa na huishi maisha yake yote bila kujua, na huku kwetu penye malaria ni wengi. Uchunguzi mkubwa wa askari weusi wa Marekani uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba wenye kinasaba hicho hawakufa zaidi ya wenzao, ila uwezekano wa misuli kupasuka kama ilivyompata mdogo wako ulikuwa juu kwa karibu asilimia 54. Hakimzuii kuwa askari. Kinambadilishia namna ya kujiandaa.

Maandalizi yenyewe, akishapona na daktari akamruhusu, na hiyo huwa ni wiki kadhaa kabla ya kugusa shanta tena: aanze kutembea bila mzigo, kisha mzigo usiozidi sehemu ya tano ya uzito wake. Aongeze kitu kimoja kwa wakati, ama kilo, ama umbali, ama kasi. Mwendo wa mzigo mara moja kwa wiki unatosha kabisa. Siku nyingine akimbie mwepesi, anyanyue uzito, alale. Mifupa ya mguu hukomaa polepole kuliko moyo, na ndiyo inayopasuka kwa wenye haraka. Apande Sagalla alfajiri badala ya saa sita, bila koti. Na achukue ramani ya Survey of Kenya ya 1:50,000 na dira, azime simu, ajifunze kutafuta njia pasipo na njia akiwa amechoka. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, na hakuna anayejipiga picha akisoma ramani.

Nimkataze? Hapana, dada. Ni mtu mzima na ni askari, ukimkataza atapanda kwa siri, na kinachoniogopesha zaidi ni usiri wake. Mruhusu ndoto, mnyime uongo. Asiende mlimani bila mtu kujua njia yake na saa ya kurudi. Mkubaliane kuhusu mambo ambayo yakitokea mazoezi yanasimama na daktari anaonwa siku hiyo: mkojo mweusi, msuli uliovimba ukawa mgumu kama ubao, kuzimia au kifua kubana wakati wa mazoezi, kuchanganyikiwa, maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku. Kama kuna mtu katika ukoo wenu aliyekufa ghafla akiwa kijana, lisemwe, apimwe moyo. Mama naye aambiwe ukweli wote, mnamfichia kwa kumhurumia na yeye anaona.

Najua anaogopa kwamba karatasi ya hospitali itamharibia nafasi. Tukio lililotibiwa na kufuatiliwa mara nyingi humchelewesha mtu tu. Akilificha, likamrudia akiwa peke yake milimani mwezi Januari, halitamchelewesha tu. Basi majibu ya leo yakitoka ayapige picha yote, na tarehe, namba za kreatini kinasi na kreatinini (kipimo cha figo) zionekane. Arudie vipimo kabla ya kupanda ndege, kisha ampelekee daktari wa kikosi chake vyote viwili, vya kwanza na vya marudio, kabla hajajaza fomu ya mchujo.